Adhana ya Ujiji

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na pia muadhini wa msikiti wa mtaa wetu hapa Tabora. Alifariki mwezi wa Rajabu, akaacha cherehani, nguo za watu zilizokuwa hazijatiwa vifungo, na simu janja iliyojaa hadi kooni.

Ilijaa kwa sababu hakuweza kumkatalia mtu, na simu nayo aliihesabu kuwa mtu. Kioo kikimwuliza jambo, alijibu "Sawa". Tangazo likimkatiza katikati ya habari na kumwambia pakua hiki, alipakua, kama mgeni anayepokea kikombe cha kahawa asichokitaka kwa kuogopa kumvunjia mwenye nyumba heshima. Alikuwa na programu kadhaa za kusafisha simu, nazo ndizo zilizoijaza zaidi. Alikuwa na tochi juu ya tochi. Alikuwa na ya kumkumbusha dawa, ya kumhesabia hatua, na dira ya kibla.

"Bwana," nilimwuliza, "kibla umekielekea kutoka safu ileile tangu ujana wako. Kimekupotea?"

"Siku nikiwa porini."

"Porini unakwenda lini?"

"Mwanadamu hajui," akasema, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Programu za adhana alikuwa nazo mbili. Moja aliitegesha kwa saa za Bagamoyo, nyingine kwa saa za Ujiji. Ya Tabora hakuiweka, kwa sababu Tabora muadhini alikuwa yeye. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka pwani hadi ziwani na kurudi, mpaka siku magoti yalipomwambia basi, akajenga Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na kuoa. Mume wangu alipenda kujua, jua likizama, ni nani katika njia ile ameshaswali na ni nani bado. Jua huzama Bagamoyo kwanza, kisha kwetu, kisha Ujiji. Kwa hiyo kila magharibi simu iliita kwa Bagamoyo, naye akainuka kwenda msikitini kuita kwa Tabora, na akirudi hukuta simu ndiyo kwanza imemaliza kuita kwa Ujiji.

Bagamoyo iliita kwa sauti ya Mwarabu tusiyemjua. Ujiji iliita kwa sauti yake mwenyewe. Aliirekodi asubuhi moja chumbani kwa cherehani, baada ya kuwafukuza kuku uani na kuniomba nisipige kelele. Mimi nilikuwa nafagia, na sikujua kuwa kufagia nako ni kelele. Ukisikiliza vizuri, kati ya shahada ya kwanza na ya pili, utausikia ufagio. Alikataa kurudia.

"Acha," alisema. "Watu wa Ujiji wajue kuwa muadhini ana mke."

Alicheka sana siku ile. Watu wa Ujiji wenyewe, bila shaka, hawakuwahi kumsikia. Alisikika ndani ya nyumba yetu tu.

Alizikwa Kwihara, kwenye makaburi ya ukoo wao. Mimi niliingia eda, na mjane aliye edani hatoki nyumbani ila kwa dharura, wala hakai kuzungumza na wanaume wa nje. Nimewafundisha wanawake hukumu hizo kwa miaka mingi katika chuo cha Kurani, nikiwaeleza kuwa kukaa kule si kifungo bali ni heshima na ni muda wa kutulia. Ni kweli. Lakini sikuwa nimewahi kuwaeleza jinsi nyumba inavyotulia.

Simu ilibaki kwenye msumari wake, ukutani juu ya kitanda, ndani ya mfuko wa kitambaa cha kanzu alioushona mwenyewe. Kesho yake baada ya maziko ilitikisika. Nikaitoa. Kioo kilikuwa kimeandika: *Leo hujatembea. Inuka unyooshe miguu.*

Nilikaa chini.

Jioni ililia kengele ndogo na kuandika kuwa muda wa dawa umefika. Keshokutwa yake ilisema tena kuwa hajatembea, na wiki ilipokwisha ikamletea salamu: *Usikate tamaa, wiki ijayo utafanya vizuri zaidi.* Mimi ni mtu niliyesoma. Najua kwamba chombo hakijui lolote, kinafuata kilichoagizwa. Hata hivyo nilianza kuingia chumba kile kwa kupiga hodi.

Na kila swala, baada ya msikiti kuita kwa sauti ya kijana aliyeshika nafasi yake, nyumba ilinyamaza kwa muda wa mtu kuswali na kukaa kidogo, kisha yeye akaita. Magharibi, isha, alfajiri. Alianza kwa kikohozi chake kidogo, kisha takbiri, kisha shahada, kisha ufagio wangu, kisha shahada. Nilizoea kubaki juu ya mswala nikimsubiri. Alikuja kila mara, mbali kidogo na kwa kuchelewa, kama mtu aliyekwisha tangulia njia ile na sasa anaita kutoka kituo cha mbele.

Binti yangu yuko Mwanza. Aliniambia kwa simu, "Mama, izime upumzike." Nikamjibu kuwa napumzika.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni peke yangu na sahani ya tende mbele yangu, nimechoka, akili imekwenda mbali. Adhana ikalia chumbani. Nilisema bismillahi, na tende ilikwisha gusa mdomo wangu ndipo nikatazama nje nikaona jua bado liko juu ya paa la jirani. Ilikuwa Bagamoyo. Nikairudisha tende sahanini. Huko Bagamoyo watu walikuwa wanafuturu kihalali, na mimi Tabora nilitaka kuila saumu yangu.

Nikampigia binti yangu. "Nifundishe kuitoa moja."

"Ibonyeze uishikilie, Mama. Usiiachie. Itatokea orodha. Tafuta neno Sanidua."

"Sanidua ndiyo nini?"

"Ndiyo kuitoa."

Niliishikilia. Kialama kile cha kuba la kijani kilitetemeka chini ya kidole changu kama kitu chenye uhai. Kioo kikauliza kama ningependa kuiondoa programu hii. Chini kulikuwa na maneno mawili, Ghairi na Sawa. Nikabonyeza Sawa, na Bagamoyo ikatoweka pasipo kuacha alama. Nilijisikia kama niliyemfungia mtu mlango bila kumuaga. Lakini ilikuwa haki, maana ile saa haikuwa ya kwetu.

Ya Ujiji niliiacha. Nilijiambia kwamba magharibi ya kuchelewa haimfuturishi mtu kabla ya wakati. Hayo yalikuwa kweli, na niliridhika nayo, wala sikuifikiria adhana ya alfajiri.

Jirani yangu ni Mzaramo, mtu mzima kuniliko, aliyeletwa Tabora na mume wa reli na akabaki baada ya mume wa reli kufa. Macho yake yameingia ukungu, anatambua mwanga na kivuli tu. Ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba chetu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo msibani ndiye aliyevaa kofia ya marehemu akatembea uani kwa mwendo wake, akikohoa kikohozi chake, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Hakuna mwingine angeruhusiwa kufanya hivyo. Mtani ana haki yake.

Katikati ya Ramadhani alikuja alasiri, akipapasa ukuta hadi mlango wa uani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mjane mwenzangu. Mume wetu hajambo?"

"Mume wangu," nikasema. "Wewe wako alikuwa wa reli."

"Wa reli alikuwa haniamshi daku. Huyu ananiamsha." Akakaa mkekani. "Nimekuja kukushukuru. Ramadhani hii ningeiona chungu bila yeye. Huyo mtoto waliyemweka msikitini ana haraka, anaita watu hata tonge halijateremka. Mimi simfuati. Namngoja mwenyewe. Akishakohoa tu, naweka kikombe chini."

Sikumwelewa mara moja. Au nilimwelewa, na moyo ukakataa.

"Unamngoja nani, mtani?"

"Si mumeo! Huko ukutani. Najua amekufa, usinitazame hivyo, nahisi unavyonitazama. Binti yako aliniambia ni simu. Lakini mtu huyu ameniambia saa ya kula na saa ya kuacha tangu macho yangu yalipoanza kufunga, na hajanidanganya hata siku moja. Nimwache kwa sababu amezikwa?" Kisha akainamisha kichwa. "Ila alfajiri anasahau kusema kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Nikasema moyoni, aliyelala usingizi ule atalisemaje neno hilo?"

Aliirekodi adhana ya swala za mchana, isiyo na neno hilo, ndiyo sababu. Lakini sikumweleza hilo. Kila alfajiri, wakati mimi nimekwisha swali na nimekaa mswalani nikimngoja mume wangu kwa raha yangu, upande wa pili wa ukuta mwanamke huyu alikuwa anakula, na mchana wa Mwenyezi Mungu umeshaingia.

Nimefundisha hukumu hiyo mara nyingi: anayekula akidhani bado ni usiku, kisha ikabainika kwamba alfajiri ilikwisha ingia, hana dhambi, lakini siku ile ataifunga tena. Ni rahisi kuitamka mbele ya wasichana wenye afya. Mbele yangu alikuwa bibi mwenye mifupa kama vijiti, ambaye kila siku ya saumu huimaliza kwa kuegemea nguzo.

Nikamwambia. Nikamweleza Ujiji ni wapi na jua linafika kule baada ya kufika kwetu. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea.

"Kumbe marehemu ananilisha mchana," akasema mwishowe. Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Zote? Tangu mwezi ulipoandama?"

"Zile ulizomngoja."

"Zote nilimngoja."

"Allah ni Mwenye kusamehe, mtani. Utalipa polepole. Na ukishindwa kabisa, kuna fidia, ni kulisha maskini."

"Mimi ndiye maskini, nitamlisha nani?" Alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. "Sasa utafanyaje?"

"Nitaizima."

"Hapana." Alinibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua kuwa anayo. "Usimnyamazishe. Mrekebishe. Mrudishe Tabora aite pamoja na watu. Mimi yule mtoto simwamini, na macho sina. Akinyamaza huyu, nitaijuaje alfajiri?"

Ningeweza kuifunga simu ndani ya sanduku hadi binti yangu aje Idi. Nimelifikiria jambo hilo sana tangu wakati ule. Lakini mtani aliniomba kile ambacho mimi mwenyewe nilikitaka kuliko kitu chochote, yaani mume wangu arudi Tabora na aite kwa wakati, na nikaona kama ibada na mapenzi vimekutana.

Baada ya kufuturu niliifungua programu ile na kutafuta mahali pa kubadili mji. Ikaniambia kwamba toleo hili limepitwa na wakati, nilisasishe ili niendelee. Nikabonyeza. Ikaniambia nafasi haitoshi.

Basi nikaanza kutoa.

Nilitoa wasafishaji kwanza, wasiosafisha. Nikatoa tochi. Nikatoa mchezo wa kupanga peremende aliokuwa akiucheza kwa siri akidhani sijui. Zingine zilikataa, zilikuwa zimezaliwa na simu; hizo ziliniruhusu kuzilaza tu, zisiamke. Ya kukumbusha dawa nilipoifungua ilinionyesha mstari mrefu wa vidonge ambavyo hakuvinywa, kila kimoja na alama nyekundu, kuanzia siku ile. Nikaishikilia, ikatetemeka, nikasema Sawa.

Ya kuhesabu hatua ilikuwa ngumu zaidi. Ilikuwa na michoro ya kila siku, kama nguzo za ua. Nguzo zilikuwa ndefu, kisha zikafupika, maana mwishoni alikuwa anakwenda msikitini na kurudi tu, kisha hadi choo cha uani. Halafu hakuna kitu. Halafu, baada ya hakuna kitu, palikuwa na vinguzo vidogo vidogo, siku hii na siku ile. Nilisema audhu billahi, na kukaa nikivitazama, ndipo nikafahamu kuwa hizo ni hatua zangu mimi, nikiibeba simu yake kutoka msumarini hadi kwenye chaji. Ilikuwa imeniandika kwa jina lake.

Mwisho ilikuwa dira. Mshale ulizunguka, ukasitasita, ukatulia upande wa msikiti, upande ule ule ambao uso wake umeelekezwa kule Kwihara. Nikaitoa nayo. Hakuihitaji tena.

Nafasi ikatosha. Nikasema bismillahi, nikabonyeza Sasisha. Duara lilizunguka na kuzunguka. Mtandao wetu usiku ni mzito, nikasoma Yasini nikingoja. Nilipomaliza kioo kilikuwa kimekuwa cheupe, safi, chenye rangi mpya, kimeandika *Karibu*. Kikaniuliza mji wangu. Nikachagua Tabora. Kikaniuliza ningependa sauti ipi, na kikanipa nafasi ya kuchagua: Makka, Madina, Misri, Uturuki.

Nilitafuta chini, nikatafuta juu. Nikafungua kila mlango uliokuwamo. Hakukuwa na nyingine.

Binti yangu, nilipomweleza, aliniuliza mara mbili kama nimetafuta kote. Kisha akasema, "Sauti ilikuwa ndani ya lile toleo la zamani, Mama. Hili jipya limekuja na vitu vyake." Na baadaye, "Basi, Mama. Basi." Alikuwa analia, nami nikamtuliza, nikamwambia kuwa wengi wanazikwa na sauti zao siku hiyohiyo, na sisi tuliongezewa miezi. Nilimaanisha. Alhamdulillahi, nilimaanisha.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa nimeshatia nia ya saumu. Msikiti ukaita, na papo hapo, kwa wakati barabara, simu nayo ikaita kutoka msumarini, sauti nzuri ya Makka isiyo na kikohozi, isiyo na ufagio. Ilisema hata lile neno la usingizi.

Upande wa pili wa ukuta kikombe kiligonga sahani.

"Mtani!" akaita. "Huyo nani?"

Nilisogea karibu na ukuta. "Ni wa simu. Yeye hayumo tena. Nilijaribu kumrekebisha, amefutika."

Nilimsikia akikisukuma kikombe kando.

"Sasa huyo mgeni ndiye nimfuate?"

"Saa yake ni sahihi."

"Saa yake sawa. Simjui. Mimi siwezi kufunga kinywa kwa amri ya mtu nisiyemjua ukoo." Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Mtoe, bibie. Ananitia uchungu."

Hata mimi alinitia uchungu. Niliitoa simu mfukoni mwake. Nilishikilia kuba lile la kijani, jipya, linalong'aa, likatetemeka, likauliza, na nikajibu. Baada ya hapo simu ile haikuwa na la kusema kwa mtu yeyote.

"Mtani," nikasema ukutani. "Kesho usimngoje mtu. Nitakugongea mimi. Nikigonga, weka kikombe."

"Wewe una saa?"

"Nina saa, na nina macho bado, alhamdulillahi. Nitatoka uani nitazame mbingu kabla sijakugongea."

"Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu," akasema. "Haya. Beba."

Kesho yake, wakati ulipofika, nilichukua mchi wa kinu nikagonga ukuta, si kwa nguvu, udongo wake ni wa zamani. Kikombe kikawekwa chini. Nilisikia akitema maji, akisukutua, na kisha sauti yake:

"Nimeshafunga. Lakini nikwambie kweli, mtani. Yule alikuwa anaita. Wewe unabisha hodi."

Nikacheka, nikaswali. Baada ya salamu na nyiradi nilibaki mswalani, mikono magotini, nikisikiliza. Sikuwa na ninachokisubiri, na nililijua hilo. Upande wa pili naye hakusogea, hakukohoa, hakuvuta kiti. Tulikaa hivyo wote wawili, ukuta katikati, mpaka wakati wa Ujiji ukapita. Kisha nikamsikia anajinyoosha kitandani, na mimi nikakunja mswala.